Mfalme Asiyeonekana: Maneno na Sauti katika Albamu ya Kwanza ya King Crimson

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Katika semina moja ya uhakiki mwenzetu mmoja alitugawia nakala za maneno ya nyimbo tano za Kiingereza, bila kutaja mtunzi wala bendi, akatutaka tuyahakiki kama ushairi. Haikupita robo saa hukumu ikawa imekwishatoka: taswira zimerundikana mno, vivumishi vimezidi, mara wachawi, mara malkia, mara vikaragosi, na ujumbe wenyewe haukamatiki. Mmoja wetu akasema bila shaka mtunzi huyu alikuwa amenunua kamusi siku hiyo hiyo. Tukacheka, mimi nikiwamo. Jioni tukakutana bwenini kuzisikiliza nyimbo zenyewe, na kile kicheko cha mchana kikawa kigumu kukirudia.

Albamu hiyo ni In the Court of the Crimson King, ya kwanza ya King Crimson, bendi ya Uingereza. Ilitoka tarehe 10 Oktoba 1969. Ina nyimbo tano tu, na zote pamoja zinachukua dakika zipatazo 44. Hesabu hiyo peke yake inatuonyesha kwamba hapa hatuna nyimbo za dakika tatu tatu za kuchezewa redioni. Bendi ilikuwa changa kabisa. Mazoezi yake ya kwanza yalifanyika Januari 1969 London, na Julai 5 mwaka huo huo ilipanda jukwaani Hyde Park kabla ya Rolling Stones, mbele ya umati mkubwa ajabu. Mtayarishaji waliyeanza naye studioni hawakuelewana naye kikazi, basi wakaitayarisha albamu wenyewe. Kwa vijana wasio na albamu hata moja, huo ulikuwa ujasiri, au tuseme kiburi, lakini kiburi kilicholipa: albamu ilifika nafasi ya 5 katika chati za Uingereza.

Muziki wa aina hii ulikuja kuitwa roki progresivu. Jina hilo lisitupoteze. Halina uhusiano na siasa za kimaendeleo kama tunavyozielewa sisi. Maana yake ni kwamba wanamuziki wa roki, hasa wa Uingereza, walikuwa wameanza kuchukua kutoka jazi na kutoka muziki wa okestra wa Ulaya, wakarefusha nyimbo na kuzigawa katika sehemu, na kutaka albamu nzima isikilizwe kama kitu kimoja. Beatles walikuwa wamekwishafungua njia kwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mwaka 1967, na Moody Blues kwa Days of Future Passed mwaka huo huo. King Crimson hawakuwa wa kwanza, lakini ndio waliouonyesha mtindo huo jinsi unavyoweza kutisha.

Sasa tumwangalie mtunzi wa maneno, maana ndiye aliyehukumiwa katika semina yetu. Peter Sinfield alikuwa mwanachama kamili wa King Crimson, lakini katika albamu hapigi chombo chochote wala haimbi. Wenzake walikuwa Robert Fripp kwenye gitaa, Ian McDonald kwenye saksafoni, filimbi na vinanda, Greg Lake kwenye besi na uimbaji, na Michael Giles kwenye ngoma. Kwenye jalada Sinfield anatajwa kwa kazi mbili: maneno na mwanga, yaani ndiye aliyeendesha taa za jukwaani. Kwa muziki wa roki huo ulikuwa mpango wa ajabu. Kwetu si ajabu sana. Malenga kutunga na mwingine kuimba ni jambo la kila siku katika taarabu, na hakuna anayeuliza malenga anafanya nini kwenye kundi wakati hashiki hata tari. Tofauti ni kwamba malenga wetu huhukumiwa kwa masikio ya hadhira, wakati Sinfield amehukumiwa mara nyingi kwa macho ya wasomaji.

Na hapa ndipo penye kiini cha ubishi. Tumefundishwa kubishana kama fani na maudhui ni kikombe na chai au ni pande mbili za sarafu moja, na karibu sote siku hizi tunajibu kwamba ni sarafu, kwa sababu jibu la kikombe linapoteza maksi. Lakini tukipewa wimbo tunafanya nini? Tunaondoa sauti, tunaondoa mdundo na ala, tunabaki na karatasi, kisha tunaorodhesha dhamira. Yaani mdomoni tunasema sarafu, mkononi tumeshika kikombe. Maneno ya Sinfield ni kipimo kizuri cha kosa hili, kwa sababu ni maneno ambayo kwenye karatasi ni dhaifu kweli. Sitaki kumtetea kwa uongo. Darasa letu halikukosea kuhusu karatasi. Lilikosea kudhani kwamba karatasi ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na wimbo wa kwanza, 21st Century Schizoid Man, ambao jina lake linamtaja mtu wa karne ya 21 aliyepasuka akili. Una beti tatu fupi. Katika semina hakuna aliyegundua jambo ambalo mtoto wa darasa la saba angeligundua kama wimbo ungekuwa wa Kiswahili: kila ubeti una mishororo minne, mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja au kinachokaribiana, na wa nne ni kibwagizo kisichobadilika, chenye kina chake tofauti. Hiyo si tarbia, jamani? Sisemi Sinfield aliwahi kusoma shairi letu lolote, na vina vya kati hana. Nasema umbo ni lile lile, na linafanya kazi ile ile tunayoijua: mishororo mitatu inapanda, kibwagizo kinafunga mlango. Halafu angalia sarufi. Mshororo wa kwanza wa kila ubeti hauna kitenzi hata kimoja, ni nomino zilizopangwa kama vitu vilivyotupwa mezani. Ndani ya beti hizo mna waya wa miba, wanasiasa na napalm, mna njaa na damu ya watoto. Hakuna mtu anayesimulia, hakuna sababu wala matokeo. Anayeyasoma kimya kimya anaona mrundikano, na mrundikano ndilo neno tulilolitumia semina.

Anayeyasikia anapata kitu kingine. Sauti ya Lake imepitishwa kwenye mitambo ikaharibiwa makusudi, inasikika kama kipaza sauti kibovu cha mkutano wa hadhara, na maneno yanatoka mojamoja, yakiwa na pengo kati yake ambamo bendi nzima inapiga kwa pamoja kama nyundo. Katika sauti ya namna hiyo sentensi kamili ingekuwa kichekesho. Kitenzi kinahitaji mtu mwenye akili timamu wa kukipanga, na mnenaji wa wimbo huu ndiye yule yule aliyepasuka. Kwa hiyo basi kukosekana kwa vitenzi si uvivu wa mtunzi, ni hali ya mhusika. Baada ya beti mbili maneno yanaachwa kabisa, inaingia sehemu ya ala iliyopewa jina la Mirrors, yaani vioo. Saksafoni, gitaa, besi na ngoma zinakimbia pamoja kwa kasi ya kutisha, zinasimama ghafla kwa pamoja, kimya, zinakimbia tena, kimya tena. Huwezi kuyaandika haya kwenye karatasi ya semina. Lakini ubeti wa tatu unaporudi baada ya vioo hivyo, maneno yaliyokuwa mrundikano yanasikika kama ya mtu aliyetoka mahali fulani hai, kwa bahati.

Mwaka ulikuwa 1969, na napalm haikuwa taswira ya kishairi bali silaha iliyokuwa ikiwachoma watu Vietnam. Uingereza haikupeleka jeshi kupigana vita hivyo. Vijana hawa waliitazama wakiwa kando, na nadhani ndiyo maana albamu ina maneno ya ziada jaladani yanayoiita uchunguzi wa King Crimson. Wanatazama. Desemba 1969, katika ziara yao Marekani, Fripp aliutoa wimbo huu jukwaani kwa Spiro Agnew, aliyekuwa Makamu wa Rais chini ya Nixon, kwa heshima ya kejeli ambayo hadhira iliielewa mara moja. Wenzangu wanaopenda kuuliza kila kazi ya sanaa inalitumikia tabaka gani wataona hapo siasa kidogo mno, na sitabishana nao sana. Wimbo hautoi njia ya kutoka. Haumwonyeshi mkulima wa Vietnam isipokuwa kama mwili unaoungua. Hilo ni pungufu lake, na ni pungufu ambalo sauti haiwezi kulifidia. Hata hivyo wimbo umeishi: mwaka 2010 Kanye West alikichukua kibwagizo chake na kukitia katika Power, na tukumbuke kwamba alichukua ile sauti iliyoharibiwa, si maneno matupu.

I Talk to the Wind, wimbo wa pili, nitaupitia haraka. Ni wimbo mpole wa filimbi, mnenaji anazungumza na upepo na upepo haumsikii. Tashihisi ya kawaida. Kazi yake kubwa ni mahali ulipowekwa. Unatoka kwenye kelele ya mwisho ya wimbo wa kwanza, ambako bendi nzima inaporomoka kama kabati la vyombo, na papo hapo unakutana na filimbi. Sauti ya Lake sasa ni safi, ya kijana aliyelelewa vizuri, na mtu unaanza kujiuliza kama ni mwimbaji yule yule. Ndiye.

Epitaph ndio wimbo uliotushinda kabisa kuucheka. Jina lake ni maandishi ya kaburini. Mnenaji anaiogopa kesho, anaogopa maarifa yaliyo mikononi mwa watu wasiofaa kuyashika, na anajiandalia maneno ya kaburi lake mwenyewe angali hai. Kwenye karatasi ni wimbo wenye kujihurumia kupita kiasi, na mwenzetu mmoja, mwanafunzi makini, aliandika pembeni kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu hana haki ya kuongea kama mzee wa miaka themanini. Nakubali kwamba tungo za namna hii zinaweza kuchosha. Lakini nyuma ya sauti hiyo kuna chombo ambacho hapana budi kukieleza, maana ndicho kinachobadilisha maana.

Chombo hicho ni Mellotron, kinanda kilichokuwa kikitengenezwa Birmingham tangu mwaka 1963. Ndani yake hamna nyuzi wala mabomba. Chini ya kila kibonyezo kuna kipande cha utepe uliorekodiwa ala halisi, kwa mfano fidla zikipiga noti hiyo moja. Ukibonyeza, utepe unavutwa, na noti inasikika. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Utepe una urefu wa sekunde zipatazo 8 tu. Baada ya hapo sauti inakatika, utake usitake, na mpigaji lazima aachie na kubonyeza upya. Maana yake ni kwamba fidla unazozisikia katika Epitaph zilipigwa siku nyingine, mahali pengine, na watu wasiokuwamo studioni, na haziwezi kudumu. Zinavimba, zinatetemeka kidogo kwa sababu ya mwendo wa utepe, na kila mara kuna kama pumzi ya kufa na kuanza tena. Sasa chukua maneno ya mtu anayejiandikia kaburi, yaweke juu ya okestra ya watu wasiokuwapo. Kule kujihurumia kunapungua. Si yeye peke yake anayeomboleza, na hao wanaomsaidia kuomboleza ni kumbukumbu tu za mashine. Karibu na mwisho neno moja la kulia linarudiwa na kurudiwa. Kwenye karatasi nililipigia mstari na kuandika takriri, nikapata maksi yangu. Katika sauti linarefuka mpaka linaacha kuwa neno, linakuwa kilio chenyewe. Sijui tuliite takriri gani hilo.

Nisije nikaonekana shabiki, hapa niseme wazi kwamba wimbo wa nne, Moonchild, ni tatizo. Una dakika zipatazo 12. Wimbo wenyewe, mzuri, wa taratibu, wa binti wa mwezi, unakwisha katika dakika mbili na nusu hivi. Zinazobaki ni za gitaa, ngoma na vibrafoni zikinong'onezana bila mpango uliokubaliwa mapema. Wapo wanaosema ni uhuru, ni ubunifu wa papo kwa papo kama wa masimulizi yetu. Mimi siafiki. Fanani wetu akibuni papo kwa papo ana hadhira mbele yake, akiona watu wanapiga miayo anageuza. Studioni hakuna anayepiga miayo. Inaelekea hata mwenye mali aliliona hilo, kwani Fripp na Steven Wilson walipouchanganya upya muziki wa albamu hii kwa toleo la mwaka 2009 la kutimiza miaka 40, waliipunguza sehemu hiyo kwa dakika kadhaa, ingawa wimbo kamili nao waliuacha pembeni kwa wanaoupenda.

Tunafika kwenye wimbo wa tano ulioipa albamu jina, na kwenye wale wachawi na malkia waliotuchekesha. Niliurudia mara nyingi kabla ya kugundua jambo ambalo limekuwa wazi muda wote. Huu ni wimbo wa baraza la mfalme mwekundu, na mfalme hayumo. Hesabu wahusika: yupo mlinzi wa funguo za mji, yupo malkia mweusi, yupo mchawi wa moto, yupo mtunza bustani, yupo mchekeshaji aliyevaa manjano. Kila mmoja ana kazi yake, na wengi wao wanaifanya kwa upole, bila haraka. Mfalme anatajwa kwenye kibwagizo peke yake, tena kama mmiliki wa mahali. Hasemi, hatendi, haelezwi hata sura. Na katika ubeti wa mwisho tunamwona ni nani anayezivuta kamba za vikaragosi: ni yule mchekeshaji, na anatabasamu. Kwa msomaji aliyekuwa akitafuta ujumbe wa kisiasa kwenye nomino za wimbo wa kwanza, ujumbe uko huku, kwenye hadithi ya watoto. Utawala unaendelea vizuri kabisa bila mtawala kuonekana, na anayechekesha watu ndiye anayewachezesha.

Hapo hata jalada linapata maana. Upande wa mbele hakuna jina la bendi wala la albamu. Kuna uso tu, mwekundu, umepanua kinywa ukipiga yowe, macho yametoka, tundu za pua ziko wazi. Aliyeuchora, Barry Godber, alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, rafiki wa Sinfield, akafariki Februari 1970 akiwa na miaka 24 kwa ugonjwa wa moyo, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Ukilifungua jalada, ndani kuna uso mwingine unaotabasamu. Fripp amewahi kueleza kwamba wa nje ni yule mtu wa karne ya 21 na wa ndani ndiye mfalme. Kama ndivyo, basi mfalme asiyeonekana katika wimbo amefichwa humo ndani, nyuma ya yowe, na inabidi ufungue kwa mkono wako kumwona. Funika kinywa chake kwa kidole, ubaki na macho tu. Hayatabasamu.

Bendi iliyorekodi albamu hii haikumaliza mwaka. Desemba 1969 McDonald na Giles waliamua kuondoka, Lake naye akafuata mwaka uliofuata kwenda kuunda Emerson, Lake and Palmer. Wengi waliowaiga waliwachukua wafalme na wachawi wakaacha ile hofu, ndiyo maana roki progresivu ikapata sifa ya kupenda majoho na makasri. Sinfield aliondolewa na Fripp baada ya albamu nne, akaendelea kuwaandikia wengine maneno mpaka akafika mahali ambapo hakuna aliyemtegemea: Think Twice ya Céline Dion, iliyoshika namba moja Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1995, maneno yake ni yake na Andy Hill. Wale wa semina waliosema mtu huyu hajui kuandika sentensi nyepesi wajue kwamba huenda wameimba sentensi zake kwenye sherehe za harusi. Alifariki Novemba 2024.

Jioni ile bwenini tuliusikiliza wimbo wa mwisho tukifuatisha kwenye zile nakala za semina. Ubeti wa nne ukaisha, kwaya ikapanda, fidla za utepe zikavimba, kila kitu kikanyamaza. Karatasi nazo zilikuwa zimekwisha maneno. Mwenye spika akanyosha mkono azime. Ndipo ikaja sauti ya kinanda kidogo chembamba, kama cha sarakasi ya watoto, ikicheza peke yake tuni ile ile ya baraza la mfalme. Mkono ukabaki hewani. Kisha bendi nzima ikarudi kwa nguvu zote, bila neno hata moja, ikapiga, ikapiga, ikakatika katikati.